Kamau Aliandika Sawa, Mimi Nikanyamaza

Nina miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, na naishi na mama yangu Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Kwa miaka minne nilifanya kazi ya kompyuta katika chama kimoja cha ushirika cha wafugaji wa maziwa. Sasa sifanyi tena. Wasomaji wenzangu, sikuondolewa kwa fitina wala kwa wivu wa mtu... nilijiharibia mwenyewe. Na kabla ya kujiharibia, nilikuwa nimeshawaharibia watu wawili ambao hawakunikosea hata siku moja.

Najua kuna atakayesoma hapa aseme, "Ah, mambo ya kompyuta hayo, hayanihusu." Subiri kwanza. Kompyuta ina sehemu ndogo sana katika mkasa huu. Sehemu kubwa ni ya mdomo wangu.

Chama chetu kilikuwa na ofisi mjini, na vituo vya kupokelea maziwa huko mashambani. Kituo kikubwa kilikuwa mahali panapoitwa Ziwa. Shida yetu ya miaka mingi ilikuwa moja tu: watu kutia maziwa maji. Karani wa kituo anapima, anaona kabisa maziwa ni mepesi, lakini aliyeleta ni shemeji yake. Nani atamripoti shemeji yake? Basi kamati ikaamua kwamba sampuli ziletwe mjini kwenye chupa ndogo, kila chupa iandikwe namba ya mwanachama, tarakimu nne, bila jina. Anayepima mjini hajui ni ya nani. Chupa za namba moja zikipatikana na maji mara tatu, ile namba inaletwa kwetu ofisini ili mwenyewe asimamishwe mwezi mzima, na jina lake libandikwe kwenye mlango wa kituo.

Ilikuwa njia ya haki, na niliipenda. Hakuna upendeleo, hakuna kujuana.

Labda msomaji wa mbali hataelewa uzito wa jina kubandikwa pale mlangoni. Kwetu Wakalenjin, maziwa ndiyo tunampa mgeni, ndiyo tunabariki nayo posa, ndiyo anapewa mkimbiaji akirudi nyumbani na ushindi. Mtu akiyatia maji hatuiti wizi. Ni afadhali angeiba. Mtu wa namna hiyo hata kibuyu chake hakiguswi.

Kazi ya kuingiza hizo namba kwenye kompyuta ilikuwa ya Kamau. Kamau alikuwa karani wetu, mtu wa miaka arobaini na mitano, baba wa watoto watatu. Wazazi wake walikuwa Wakikuyu waliotoka Mkoa wa Kati, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Kiplombe, na Kikalenjin chake kilikuwa kizuri kuliko cha binamu zangu waliokulia Nairobi. Alikuwa mtu wa utaratibu. Alikuwa na daftari lake dogo, na kila namba aliyoingiza aliitia alama kwa kalamu nyekundu. Mimi aliniita Injinia. Alianza kwa utani, baadaye ofisi nzima ikaniita hivyo, na mimi nikavimba kichwa. Ndiyo, nasema ukweli. Nilipenda sana kuitwa Injinia.

Mimi ndiye niliyeandika skripti aliyoitumia. Skripti ni maagizo unayoiandikia kompyuta mara moja ili usiyarudie kila siku. Kamau anaandika neno "simamisha", kisha namba ya mwanachama mbele yake, anabonyeza. Skripti inachukua ile namba na kuipeleka kwenye databesi, yaani orodha ya wanachama iliyo ndani ya kompyuta, inamtafuta mwenyewe, inamsimamisha, na kuchapisha orodha ya kwenda kituoni. Ni hivyo tu.

Mwanzoni ilisumbua kidogo. Kwenye chupa namba ziliandikwa na sifuri mbele, 0003, 0005, lakini kwenye databesi tulikuwa tumeziweka bila sifuri. Kamau akiandika 0003, databesi inasema haimjui. Nikamwambia asijali. Nikaongeza mstari mmoja wa kuondoa zile sifuri. Nikaujaribu kwa namba za wazee waanzilishi, kuanzia ya kwanza hadi ya tano. Zote zikatoka sawa. Kazi ya dakika tano, nikaenda kunywa chai.

Wiki chache baadaye Kamau aliniita mezani kwake. Alikuwa ameingiza 0389 na skripti ikakataa, ikatoa maneno mengi ya Kiingereza kuhusu namba kuwa kubwa mno. Hata sikusoma vizuri. Nilimwambia, "Toa sifuri wewe mwenyewe, uandike 389, uendelee."

Ikakubali. Lakini Kamau hakuondoka. Akaniuliza, "Injinia, hii ikilia najua imekataa. Na zile ambazo hazilii?"

Nilicheka. Nikamjibu kwamba isipolia ujue iko sawa, na kwamba yeye ashughulike na daftari lake, mambo ya ndani aniachie. Alicheka pia, lakini nilimwona akiangalia ile skrini muda kidogo.

Laiti ningesimama pale kwa dakika kumi tu! Lakini nani angeniambia kitu, mimi Injinia?

Baada ya mwezi hivi, namba 0417 kutoka Ziwa ikapatikana na maji mara ya tatu. Kamau akaiingiza. Haikulia. Orodha ikachapishwa, ikatiwa kwenye bahasha, ikaenda Ziwa na dereva wa lori la maziwa. Hakuna kati yetu aliyesoma jina, maana tulikuwa tumekatazwa kusoma. Ndiyo haki yenyewe tuliyokuwa tunajivunia.

Jina lililobandikwa pale mlangoni lilikuwa la Mama Salina.

Mama Salina ni mjane wa miaka zaidi ya sitini. Ana ng'ombe wanne na anawakamua mwenyewe. Mama yangu alizaliwa jirani naye kule Ziwa, kwa hivyo namjua tangu nikiwa mtoto. Kama kuna mtu aliyesifika kwa mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, ni yeye. Posa ikifanyika upande ule, vibuyu vya kwanza kutafutwa vilikuwa vya Mama Salina. Hakuwahi kuomba cheo chochote kanisani wala chamani. Heshima yake yote ilikuwa ndani ya maziwa.

Siku hiyo alifika kituoni asubuhi na mikebe yake, kama kawaida, akakuta watu wamekusanyika mlangoni. Yeye hasomi vizuri. Akauliza ni nani amebandikwa leo. Karani akamwambia arudi nyumbani na maziwa yake.

Aliomba apimwe pale pale. Alisema waje nyumbani, akamue mbele yao. Karani akasema amri imetoka mjini, kwenye kompyuta, na kompyuta haina shemeji. Watu wakacheka kidogo. Mama Salina akajitwika maziwa yake akarudi.

Habari hii niliipata kwa mama yangu, jioni tukila. Mama alisema hawezi kuamini. Mimi nikamwambia, tena kwa kujiamini kabisa, "Mama, watu hubadilika. Maabara haidanganyi." Mama yangu akaweka kijiko chini, akaondoa sahani yake.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na posa kwa jirani wa Mama Salina. Akina mama walipita nyumba kwa nyumba kukusanya mursik. Walipofika kwake walimsalimia vizuri, wakamwambia, "Wewe pumzika tu mwaka huu, Mama." Wakapita. Inasemekana jioni hiyo alishusha vibuyu vyake vyote ukutani, akavifunga kwenye gunia na kuviweka darini.

Siku kumi na nne baada ya jina kubandikwa, chupa ya 0417 ikaletwa tena mjini. Ilikuwa na maji vilevile. Kamau ndiye aliyeshtuka. Akaniita, "Injinia, huyu si tulimsimamisha? Sasa maziwa analeta aje?"

Tukafungua databesi pamoja. Mwanachama wa 417 hakuwa amesimamishwa. Alikuwa mwanamume fulani, na maziwa yake yalipokelewa kila siku. Aliyesimamishwa siku ile, saa ile ile, alikuwa wa namba 271. Salina. Kumbukumbu ya skripti nayo iliandika wazi: imepokea 271.

Kamau alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ngai, Mungu wangu, nilibonyeza nini mimi?" akasema. "Nimemuua mama wa watu." Na kabla sijasema lolote akainuka, akaenda moja kwa moja kwa meneja kujiripoti. Yaani mtu huyu hakungoja hata kuulizwa.

Mimi nikabaki mezani. Kitu kilinikereketa. Kutoka 417 hadi 271 si kuteleza kwa kidole, hakuna hata tarakimu zinazokaribiana pale. Nikafungua nakala ya majaribio, nikaandika 0417 kwa mkono wangu. Skripti ikasema: imepokea 271.

Nikarudia. 271.

Nikatafuta, nikasoma, na kwa dakika chache nilikuwa nimeelewa yale ambayo ningepaswa kuyajua kabla sijaitwa Injinia. Ule mstari wangu wa kuondoa sifuri haukuondoa tu sifuri. Namba ikianza na sifuri, amri ile niliyotumia inafuata desturi ya zamani ya kompyuta, inaihesabu kwa manane badala ya makumi. Kwa hesabu hiyo, 0417 ni mia mbili sabini na moja. Namba ndogo kama 0003 na 0005 hazibadiliki, ndiyo maana majaribio yangu yalitoka sawa. Na 0389 ilikataa kwa sababu kwenye kuhesabu kwa manane hakuna nane wala tisa. Kompyuta ilikuwa imenipigia kelele siku ile, mimi nikaiziba mdomo.

Kamau hakuwa amekosea. Aliandika 0417 kama ilivyokuwa kwenye chupa. Mimi ndiye niliyeigeuza njiani.

Kutoka mezani kwangu hadi mlango wa meneja ni hatua kumi na mbili. Baadaye nilizihesabu mara nyingi. Ningeinuka, ningesema, "Meneja, ni skripti yangu." Labda ningekaripiwa, labda ningeandikiwa barua. Basi.

Sikuinuka. Mwezi huo nilikuwa natarajia kupewa ukuu wa kitengo cha kompyuta, na kila mtu alijua. Nilijiambia nitasema kesho, baada ya kupanga maneno. Halafu mkono wangu ukafanya jambo ambalo kichwa kilikuwa hakijakubali... nikafungua ile skripti na kuirekebisha. Niliongeza alama tatu tu za kuiambia ihesabu kwa makumi. Nikajaribu 0417, ikatoka 417. Nikafunga.

Niliporudisha jina la Mama Salina kwenye orodha ya wanachama, meneja alinishukuru kwa kugundua kosa haraka. Mimi. Nikaitikia asante.

Kesi ya Kamau iliitwa wiki iliyofuata mbele ya kamati. Kufikia hapo alikuwa ametulia na kufikiri. Alikuja na daftari lake, akaonyesha 0417 na ile alama nyekundu. Akamwambia mwenyekiti kwa upole, "Mzee, siku ile nilishtuka nikasema ni mimi. Lakini nimekumbuka vizuri. Mimi sitii alama kabla sijalinganisha na skrini. Niliandika 0417."

Mwenyekiti akanigeukia. Akaniuliza kama inawezekana mtu aandike namba moja na mashine ipokee nyingine.

Kamau aliniangalia. Hakuniangalia kwa kunishuku, hata kidogo. Aliniangalia kama mtu anayejua kwamba sasa aliye na majibu ameulizwa, na mambo yatakuwa sawa.

Nikasema, "Mzee, mashine hupokea inachopewa."

Wakataka kuona. Nikaleta tarakilishi mezani, nikamwambia Kamau aandike mwenyewe. Akaandika 0417. Ikatoka 417. Akaandika tena, ikatoka 417. Nilimwona akiangalia vidole vyake. Wasomaji, nilimfanyisha jaribio kwa skripti niliyoitengeneza baada ya kosa! Na yeye hakujua. Alikunja daftari lake akaliweka mfukoni, akasema, "Basi sijui."

Aliachishwa kazi siku hiyo.

Ningeweza kusema yaliishia hapo, lakini nyinyi mnaijua Eldoret. Maneno yalienea Ziwa kwamba aliyemchafua Mama Salina anaitwa Kamau, na jina hilo likawatosha wengine. Hawakuuliza zaidi. Wakasema alifanya makusudi. Wakasema watu wake ndivyo walivyo, na mengine ambayo siwezi kuandika hapa. Mtu aliyezaliwa Kiplombe, aliyetuzikia wazazi wetu, alianza kuulizwa kwao ni wapi. Mke wake aliacha kwenda kwenye chama cha akina mama. Nilipita njia moja nao kila siku kwenda stendi, na nikaanza kuzunguka njia ya nyuma.

Na mimi? Nilipewa ule ukuu. Nikapewa na chumba changu chenye dirisha.

Ndipo Mama Salina akaja ofisini. Alikuwa amevaa vizuri, na mkononi alikuwa na kibuyu. Alisema ameambiwa kwamba binti wa rafiki yake ndiye aliyelirudisha jina lake, na hawezi kuongea tu kwa simu jambo kama hilo. Alikuwa amevishusha vibuyu vyake kutoka darini, na mursik ya kwanza aliyotengeneza aliniletea mimi. Akanimiminia kwenye kikombe. Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa, naye alisimama ananiangalia ninywe hadi mwisho.

Halafu akakaa. Akaniambia alikuwa amekwenda kwa Kamau.

"Nilitaka kumuuliza uso kwa uso nilimkosea nini," alisema. "Nikamkuta na watoto wake. Akaniambia, 'Mama, pole kwa yaliyokupata, lakini mimi niliandika namba ya mtu mwingine.' Chepkemoi, mimi nilisimama pale kituoni nikasema sikutia maji na hakuna aliyenisikia. Sasa nikamsikia huyo anaongea vile vile kama mimi nilivyoongea. Wewe ndiye unajua hiyo mashine. Huyo mtu anadanganya?"

Ladha ya mursik yake ilikuwa bado mdomoni mwangu. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu. Mungu alinipa nafasi ambayo watu wengi hawapewi.

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Anadanganya."

Aliitikia kwa kichwa. Akafunga kibuyu chake, akanishukuru tena, akaenda.

Tangu siku hiyo sikuweza kunywa maziwa. Mama yangu alifikiri nina vidonda vya tumbo. Kazini nilianza kukaripia watu ovyo. Karani mpya akiniuliza swali lolote kuhusu skripti, nafunga skrini kabla ya kumjibu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sikuweza kukikalia hata dakika moja kwa amani.

Miezi minne ikapita. Siku moja mchana nilitumwa kununua nyaya mjini, kwenye duka la jumla la Mzee Abdi, Msomali mmoja anayeuza simenti na vifaa vya ujenzi. Niliingia stoo, na aliyekuwa anahesabu magunia alikuwa Kamau. Mzee Abdi alikuwa amemchukua wakati hakuna mwingine aliyemtaka.

Nilitaka kugeuka. Alikuwa ameshaniona. "Injinia," akasema, na akatabasamu kweli. Akaniuliza hali ya mama yangu. Alikuwa amekonda. Nikaona kwamba kila gunia alilohesabu alirudi kulihesabu tena, halafu mara ya tatu, kabla ya kuandika. Na hata akiandika, alimwita mwenzake aje aangalie.

Aliona ninavyoangalia. Akacheka kwa aibu. "Nimekuwa mwoga wa namba," akasema. "Nikiandika simu ya mtu, nauliza mke wangu kama nimeandika sawa." Halafu akasogea karibu, akashusha sauti. "Unajua nilisumbuana sana na ile 0417. Ningeapa niliandika sawa. Lakini wewe ulileta mashine, nikaona kwa macho yangu. Nimekubali ni mimi. Kitu kimoja tu nataka uniambie kama mtaalamu... mtu anaweza kuona namba moja na mkono uandike nyingine, bila yeye kujua? Huo ni ugonjwa?"

Hapo nilielewa nilichomfanyia mtu huyu. Kazi mtu hupata nyingine. Lakini mimi nilikuwa nimemwibia macho yake na mikono yake. Alikuwa hajiamini tena kuhesabu magunia kumi.

Nilikuwa nimejizoeza miezi minne jinsi ningesema, na maneno yote mazuri yakapotea. Nikasema tu, "Kamau, uliandika 0417. Skripti yangu ndiyo iliibadilisha. Nilijua siku ile ile. Niliitengeneza kabla hamjaijaribu."

Aliweka kalamu chini. Halafu akakaa juu ya magunia. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Niliandika 0417?" akauliza.

"Uliandika 0417."

Akatoa simu mfukoni, akampigia mke wake. "Mama Wanjiru," akasema, "niliandika sawa." Akarudia, "Niliandika sawa." Halafu hakuweza kuendelea, akalia pale mbele ya wapakiaji, na Mzee Abdi akaja kusimama mlangoni, asijue afanye nini.

Kesho yake nilimwandikia meneja kila kitu. Nilipelekwa Ziwa kwenye mkutano wa wanachama, nikasimama mbele ya watu nikasema kwa mdomo wangu nilichofanya, na kwamba yale waliyoyasema juu ya Kamau na watu wake yalijengwa juu ya uongo wangu. Baadhi waliinamisha macho. Wengine walisema nimehongwa. Uongo hauitwi ukarudi kama ng'ombe. Kamau aliombwa arudi kazini, akakataa. Alisema Mzee Abdi alimpokea bila kumuuliza kwao ni wapi, na hilo linamtosha. Mimi niliachishwa kazi, na ilikuwa haki yangu.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata Mama Salina nje. Nilipiga magoti. Nilimwambia anisamehe, kwamba lile jina mlangoni halikuwa nia yangu, lilikuwa kosa la mstari mmoja, sikujua.

Aliniinua kwa mkono. Hakunikasirikia. Aliongea polepole, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Hayo maji waliyosema nilitia, yalitiwa na mashine," alisema. "Hayo nimeshakusamehe, hukuyaona. Lakini ya Kamau uliyatia wewe, kwa mkono wako, nikikuangalia, na mursik yangu ikiwa mdomoni mwako. Hayo sijui nikusamehe vipi. Ningoje."

Huu ni mwaka wa pili sasa. Bado nangoja. Sijarudi kwake, maana aliniambia ningoje, na mara hii nataka kufanya nilivyoambiwa.

Ndugu msomaji, labda wewe hujawahi kuandika skripti, na hutaandika. Lakini utakosea, kazini au nyumbani, hilo halina dawa. Siku hiyo utaona mtu mwingine anaanza kulibeba kosa lako, tena pengine kwa hiari yake, kwa kuwa ni mwaminifu kuliko wewe. Utajiambia kesho utasema. Nakusihi, usingoje kesho. Kosa langu la kwanza lilirekebishwa kwa alama tatu na dakika moja. La pili linaishi Kiplombe, nyumba ya nne kutoka kwetu, na kila asubuhi nikipita, Kamau ananisalimia kwanza.